Wote Hawajafika

Tulimwita Madam, kama wanafunzi wanavyomwita kila mwalimu wa kike, lakini pale Ujiji neno hilo likitamkwa peke yake, bila jina la somo wala la shule, watu walijua anayetajwa. Jina lake nalihifadhi. Yeye mwenyewe alitufundisha kwamba jina halimwelezi mtu, linamwonyesha tu kwa kidole. Nami nataka kumweleza.

Alifundisha hisabati. Nilikuwa mwanafunzi wake tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, na baadaye, niliporudi kutoka chuoni nikapangiwa shule ileile, nikapewa meza iliyogusana na yake katika ofisi ya walimu. Kwa hiyo nimemwona kutoka mbele, jinsi mwanafunzi anavyomwona mwalimu, na nimemwona kutoka ubavuni, jinsi walimu wanavyoonana: akivua viatu chini ya meza, akipuliza chai, akinung'unika juu ya jibu sahihi lililopatikana kwa njia ya uongo. Jibu la namna hiyo alilipatia sifuri. "Umefika," aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "lakini sikuoni njiani."

Maneno yaliyomkera kuliko yote yalikuwa "kila mtu".

"Madam, kila mtu anajua kuwa mtihani wa jana ulikuwa mgumu."

"Kila mtu?"

"Ndiyo, Madam."

"Hata shangazi yangu kule Simbo, anayepalilia mihogo yake saa hizi?"

Darasa lilicheka, naye hakucheka. Alisubiri mpaka aliyesema aseme upya: baadhi ya wanafunzi wa kidato cha tatu, kwa maoni yao, waliuona mtihani mgumu. "Sasa umesema kitu," alijibu. "Kidogo, lakini chako."

Wachuuzi wa samaki waliujua udhaifu wake huo na walimchokoza makusudi.

"Madam, njoo huku! Leo nina migebuka au dagaa."

"Hiyo 'au' ni ya kuchagua kimoja, ama naruhusiwa vyote viwili?"

"Weye fungua mkoba tu, Madam, 'au' zote ni zako!"

Hapo alicheka kuliko wote, akanunua migebuka na dagaa, akaondoka akifurahi kama mtu aliyeshindwa na mshindani wa haki.

Nakumbuka asubuhi moja, wakati wa kuita majina. Kiranja alisema, "Rehema hajaja, Madam." Rehema alikuwa amehamia ng'ambo ya ziwa pamoja na wazazi wake tangu muhula uliotangulia, na barua ya uhamisho ilikuwa imekwisha kupokewa. Madam aliweka chaki mezani.

"'Hajaja' ni ya mtu anayetazamiwa. Rehema hatumtazamii tena. Sema hayupo, sema alihama. Usinipe matumaini kwa kiambishi."

Tuliicheka sentensi hiyo kwa wiki nzima. Ikawa utani wa bwenini: mtu akiulizwa kama chakula kimeiva, alijibu kwamba hataki kumpa mwenzake matumaini kwa kiambishi.

Kulikuwa na sentensi nyingine aliyoipiga marufuku kabisa. Siku ya kwanza ya kila mwaka aliiandika ubaoni: Mvua itanyesha au haitanyesha. Alituuliza kama ni kweli, tukakubali kwamba ni kweli. Akauliza tuchukue mwavuli au tuuache nyumbani, tukanyamaza. "Mnaona? Sentensi hii haijawahi kumdanganya mtu, wala haijawahi kumsaidia. Ni ya watu wanaotaka kuwa sahihi bila kuwajibika. Sitaki kuisikia katika chumba hiki." Baadaye, katika kikao cha walimu, makamu mkuu wa shule aliulizwa kuhusu matokeo ya mtihani wa taifa, akajibu kwamba yatapanda au hayatapanda. Madam alipiga makofi peke yake. Makamu aliinama kwa shukrani, akidhani amesifiwa.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa mstari mmoja ulionyooka. Yeye aliyedai uthibitisho wa kila jambo hakuthubutu kufagia nyumba baada ya jua kuzama. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Sijathibitisha kwamba kuna madhara. Lakini sijakanusha pia. Acha takataka zilale." Yeye aliyechukia uongo hata katika hesabu za kutoa, alimpokea ofisini mwanafunzi aliyedai kuumwa kichwa kila siku kabla ya mapumziko, akampa chai na kipande cha muhogo, asimuulize neno. Nilimwambia kwamba kijana yule anamdanganya. "Kichwa chake ni cha uongo," alikubali. "Njaa yake ni ya kweli. Nimejibu ile ya kweli."

Sasa niseme juu ya shahada.

Alikuwa amevuka umri ambao walimu wetu wengi huanza kuhesabu miaka ya kustaafu, ndipo akajiandikisha kusoma shahada ya uzamili katika mantiki. Alisafiri kwa treni wakati wa likizo, akakaa chuoni, akarudi. Muda uliobaki alisoma kwa simu na kompyuta iliyokuwa na kibodi isiyokubali herufi ya R mpaka ibonyezwe kwa hasira. Masharti ya shahada aliyajua kwa moyo na aliyasema kwa yeyote aliyeuliza: kozi za lazima, ambamo mtu hujifunza jinsi sentensi moja inavyofuata kutoka nyingine, kozi za hiari, semina ya kusimama mbele ya wenzako na kushambuliwa, mtihani wa kusoma lugha ya kigeni, na mwisho wa yote, tasnifu. Mtihani wa lugha aliufanya kwa Kifaransa, alichokiokota kwa majirani zake wenye asili ya Kongo pale mwambaoni, nao walijigamba kana kwamba wao ndio waliokwenda kukaa kwenye dawati.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke muuza mawese, tuliyemwita Mama Mawese, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Yeye shahada hiyo aliiita uzamili wa ubishi. Siku moja nilikuwa uani kwao Madam alipokuwa akimweleza masharti yaliyobaki.

"Masharti?" Mama Mawese alishika kiuno. "Masharti hutoa mganga! Huyo wa chuo kikuu amekukataza nini, kula kambale?"

"Amenikataza kusema nisichoweza kuthibitisha."

"Basi utakufa bubu, shoga yangu."

"Sikiliza. Masharti ni ya namna mbili. Mawese ni sharti la lazima la mboga yako: yasipokuwapo, hakuna mboga. Lakini si sharti la kutosha. Ukiwa na mawese matupu, bado huna mboga."

Mama Mawese alifikiri. "Na mume?"

"Mume nini?"

"Ni wa lazima au wa kutosha?"

Swali hilo Mama Mawese alilisimulia mtaa mzima, pamoja na habari kwamba Madam alilishindwa.

Mimi nilikuwa na pingamizi zito zaidi, au niliamini hivyo. Nilirudi kutoka chuoni nikishikilia kwamba elimu isiyopunguza taabu ya mtu ni pambo. Shule yetu ilikosa walimu wa sayansi, zahanati zilikosa watu, na mwalimu wetu bora alikuwa akitumia likizo zake kupima maana ya "kila" na "au". Nilimwambia hivyo, kwa heshima, lakini nilimwambia. Hakukasirika.

"Mwalimu mdogo," alisema, kwa kuwa ndivyo alivyoniita tangu nilipopewa meza, "watu wanaumizana kwa sentensi kabla ya kuumizana kwa mikono. Nataka kujua mahali zinapovunjikia."

Tasnifu yake ilihusu mahali pamoja kama hapo. Katika Kiswahili, alieleza, mtu akisema "wote hawakuja", hatujui amesema nini. Labda hakuna hata mmoja aliyekuja. Labda baadhi walikuja na baadhi hawakuja. Mdomo ni mmoja, sentensi ni moja, na mambo yanayosemwa ni mawili yaliyo mbali kama pwani hii na ile ya Kongo. Sisi huokolewa na mazingira, na mazingira yasipotosha, tunaangamia kwa adabu, kila mmoja akidhani ameelewa. Nilikiri kwamba ni jambo la kupendeza. Sikukiri kwamba ni jambo la haja.

Kisha ikaja harusi ya binti wa Mama Mawese.

Bwana harusi alitoka Ilagala, kijiji cha wavuvi kilicho karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Wanawake wa upande wake waliokuja kusaidia kupika walitangulia kwa gari. Waliobaki, wazee, vijana wa ngoma na wajomba, walipanda mtumbwi wa mashine asubuhi ile, ziwa likiwa limetulia. Kabla ya adhuhuri upepo ukainuka. Kutoka uani kwa Mama Mawese tuliona maji yakibadilika rangi, na wapishi wakaanza kuongea kwa sauti za chini.

Simu ililia kwa shangazi ya bibi harusi, naye akaiweka sauti ya juu ili tusikie sote. Aliyepiga alikuwa kijana wa upande wa bwana harusi, akiwa mahali fulani mwambaoni, upepo ukivuma ndani ya maneno yake.

"Shangazi, mtumbwi umepinduka. Abiria wote hawajafika nchi kavu."

Mtandao ukakatika.

Sijui kuueleza ukelele uliofuata. Wanawake wa Ilagala, ambao kila mmoja alikuwa na mtu wake katika mtumbwi ule, walianguka chini pamoja, kama walioshikana mikono. Mama Mawese alivua khanga ya sherehe akajifunga ya kawaida. Mtu fulani alizima muziki. Katikati ya wale waliokuwa chini alikuwapo mwanamke aliyeitwa Mama Zawadi, ambaye mumewe, baba mdogo wa bwana harusi, ndiye aliyebeba ngoma kubwa. Alikuwa amemkumbatia mwenzake, na mwenzake amemkumbatia yeye, wakilia kwa sauti moja.

Madam aliitwaa simu mkononi mwa shangazi, akatoka hadi kwenye kichuguu cha nje ambako mtandao ulishika, akapiga. Nilikuwa nyuma yake.

"Baba, sikiliza. Yupo hata mmoja aliyefika?"

"Eeh, wapo! Wapo wengi tu, wanaota moto hapa. Nimesema wote hawajafika."

"Nani hajafika?"

"Mmoja. Baba Zawadi. Wanamtafuta."

Alirudi uani akasimama katikati ya kilio, na kwa sauti yake ndogo akasema yaliyo kweli, moja baada ya jingine, bila kuongeza wala kupunguza. Walifika. Wanaota moto. Mmoja tu hajaonekana. Akamtaja.

Wanawake waliinuka. Waliinuka taratibu, kila mmoja kwa wakati wake, wakifuta nyuso, wengine wakicheka katikati ya machozi, wengine wakiona haya kwa kucheka. Aliyemkumbatia Mama Zawadi alimwachia, si kwa ubaya, mikono yake tu ilikwenda juu kumshukuru Mungu. Mama Zawadi alibaki ameketi chini, khanga imemteleza begani, akiwatazama.

Mtaa ulimsifu Madam. Nami nilimsifu: niliona, kwa macho yangu, sentensi ikivunjika na mtu akijua mahali pa kuiunga. Pingamizi langu lilikwisha siku ile. Nilipomwambia hivyo, aliendelea kukuna muhogo bila kuinua kichwa.

Baba Zawadi alitafutwa siku nyingi na hakupatikana. Ziwa letu ni refu kwenda chini, na aghalabu halirudishi. Baada ya miezi kadhaa Mama Zawadi alikuja Ujiji kwa shughuli zake, akapita kwa Madam na zawadi ya samaki. Nilikuwapo. Walikunywa chai, wakaulizana habari za watoto. Alipoinuka kwenda zake alisema, kwa upole, kama anayemkumbusha mtu kitu alichosahau:

"Madam, sina kinyongo nawe, Mungu anajua. Ila nataka nikwambie. Nilikuwa nalia na wenzangu. Ukauliza swali lako, ukawapa wenzangu watu wao. Mimi nikabaki nalia peke yangu."

"Pole, mama," alisema Madam.

"Nimekwisha kupoa. Nilitaka tu ujue."

Tangu hapo tasnifu ikasimama. Kozi zote alikuwa amezimaliza, za lazima na za hiari, semina ameipita, Kifaransa amekipita. Lilibaki sharti la mwisho, na katika sharti la mwisho ilibaki sura ya tatu, ile ya mfano. Msimamizi wake alikuwa amesimuliwa mkasa wa harusi na kufurahi kisomi: mfano huu ni dhahabu, alisema, haukutungwa mezani, uweke kama ulivyo. Jambo moja tu: aiondoe ile "-ja-", aandike "hawakufika", kwa sababu fomula ya mantiki waliyoitumia haikuwa na nafasi ya jambo linalotazamiwa, na wakati wa kitenzi ungeichafua. Marekebisho hayo Madam aliyakubali bila ubishi, yalikuwa sahihi. Aliandika "hawakufika". Lakini sura yenyewe hakuituma. Mwaka ukapita, kisha chuo kikamjulisha kwamba muda wa usajili wake unaisha muhula huu, na baada ya hapo kozi zote alizopita zitakuwa si kitu.

Wakati huo mimi nilikuwa nimehamishiwa Kasulu. Nilimpigia simu, nikamhimiza kwa bidii ya ujana wangu: sentensi haina mwenyewe, jina la mtu halitajwi, ukweli ukishapatikana ni wa watu wote, maarifa hayaombi ruhusa.

"Maarifa hayaombi," alikubali. "Mtu ndiye anayeomba. Ukija likizo, unisindikize Ilagala."

Tulikwenda mwezi uliopita. Alikuwa amekonda, na alitembea akipumzika, lakini njiani alimsahihisha kondakta aliyesema gari limejaa na kisha akapakia wengine. Mama Zawadi tulimkuta ufukweni, akigeuza dagaa juu ya chanja. Alitupatia ndoo mbili zilizopinduliwa tukae, akatuuliza tulivyoamka, akaendelea kugeuza, kwa sababu jua la dagaa halisubiri wageni. Madam alieleza alichojia. Alieleza polepole, bila neno la kitabu: anaandika kazi ya mwisho ya masomo yake, anahitaji sentensi ya siku ile, na akikataliwa ataondoka na heshima ileile aliyokuja nayo.

Nilijua alichokiweka kwenye mizani. Asipopata ruhusa hakuwa na muda wa kupata mfano mwingine, na miaka yote ya treni na kompyuta ile ingeishia pale mchangani.

"Utaandika jina langu?" aliuliza Mama Zawadi.

"Hapana. Wala la Baba Zawadi."

"Wala kwamba nililia?"

"Wala hilo. Nitaandika kwamba abiria wote hawakufika. Kisha nitaeleza kuwa maneno hayo yana maana mbili."

Mama Zawadi aligeuza dagaa hadi mwisho wa chanja, akajipangusa mikono kwenye khanga. Alitazama ziwa kidogo, kama mtu anavyotazama barabara.

"Andika," alisema. "Wenzangu watu wao walifika, na iandikwe kuwa walifika. Wangu mimi hajafika."

Alilisema bila kuinua sauti, kama mtu anavyosema juu ya msafiri aliyecheleweshwa na gari. Nilimgeukia Madam. Akilini nilimwona kiranja wa siku ile ya Rehema amesimama, nikaiona chaki ikiwekwa mezani. Nilingoja.

"Ndiyo, mama," alisema Madam. "Hajafika."

Niliona wawili hao hawahitaji mtu wa tatu, basi nikaenda kuosha miguu majini. Tulipoaga, Mama Zawadi alitufungia dagaa katika mfuko, akakataa kushukuriwa.

Tulisubiri gari kando ya barabara, mfuko ukiwa mapajani mwa Madam.

"Ile sura nimeiandika vibaya," alisema hatimaye. "Niliitoa '-ja-' ili fomula ikae vizuri. Nikamtoa na Mama Zawadi pamoja nayo. Sura ya tatu naianza upya."

"Na msimamizi?"

"Nitamwambia kuna kitu ambacho alama zetu hazijakifikia. Kama hakuna alama, nitaandika kwamba hakuna."

"Lakini usajili unaisha muhula huu, Madam. Muda utatosha?"

Aliutazama mfuko, akaufunga vizuri zaidi ingawa ulikuwa umefungwa.

"Utatosha," alisema, "au hautatosha."

Nilikuwa mwanafunzi wake, nami nilijua vyema sentensi ile iliandikwa ubaoni siku gani na ilipigwa marufuku kwa sababu ipi. Gari lilikuwa likija, vumbi lake limeshaonekana juu ya mihogo. Nikampa mkono ainuke, na sikumsahihisha.